Real Botica ya Madrid: stoo ya dawa ya wafalme wa Hispania tangu 1594 (uzi mrefu: majuni ya nyoka, magome ya mkwinini, mitungi na mizani)

MchiNaKinu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu. Duka la dawa la kasri likisimuliwa mitandaoni, husimuliwa kama pango la wachawi: mafuvu, pembe, siri za mfalme. Real Botica ya Madrid haikuwa hivyo. Ilikuwa stoo, jiko la dawa na meza ya ukaguzi kwa pamoja. Nguvu yake ilikuwa kupata malighafi bora kuliko mtu yeyote nchini na kuikagua kabla haijaingia mtungini. Mapishi yenyewe yalichapishwa vitabuni, kila mfamasia aliyajua.

Tarehe kwanza. Iliundwa na Felipe II mwaka 1594. Aliyeiongoza aliitwa boticario mayor, yaani mfamasia mkuu wa mfalme. Waliohudumiwa hawakuwa familia ya kifalme tu. Watumishi wa kasri na nyumba za watawa nao walipewa dawa humo. Kwa hiyo msidhani ni kabati dogo la vichupa. Ilikuwa kazi ya mizigo.

Felipe II alikuwa na hamu ya kweli na mambo haya. Mwaka 1570 alimtuma daktari wake Francisco Hernández kwenda Meksiko kuchunguza mimea ya dawa. Alirudi 1577 na maelezo ya mimea inayokaribia 3,000. Maandishi hayo yaliwekwa kwenye maktaba ya El Escorial, kasri na nyumba ya watawa ya mfalme nje ya Madrid, na sehemu kubwa iliteketea kwa moto wa 1671. Kasri lenyewe la zamani, Alcázar, liliungua usiku wa mkesha wa Krismasi 1734. Historia ya taasisi hii imekatwa na moto mara mbili, kumbukeni hilo mkiona pengo kwenye kumbukumbu zake.

Karne ya 18 ndiyo niipendayo. Luis Riqueur, mfamasia mkuu wa Felipe V, alikuwa na bustani ya mimea ya dawa mahali paitwapo Migas Calientes, nje ya Madrid. Mwaka 1755 Fernando VI akaanzisha hapo Bustani ya Kifalme ya Mimea, ambayo ilihamia Paseo del Prado 1781 na ipo mpaka leo. Yaani bustani maarufu ya Madrid ilichipuka kwenye shamba la mfamasia. Mwaka 1780 baraza lililosimamia waganga, Protomedicato, likagawanywa sehemu tatu: utabibu, upasuaji na famasia. Tangu hapo wafamasia wakaanza kusimamiwa na wafamasia wenzao.

Nitaanza na maji ya kukeneka (yanayopatikana kwa kupoza mvuke wa mimea), halafu majuni, halafu mkwinini. Karibuni mkosoe.

MchiNaKinu

MAJI YA KUKENEKA. Kwa famasia ya wakati huo, maji ya mawaridi na ya mitishamba mingine yalikuwa msingi wa dawa nyingi za kunywa. El Escorial ilikuwa na jiko zima la kukeneka, na mmoja wa mitambo yake ulikuwa mnara wa vyombo vya kioo vilivyopangwa safu juu ya safu, vikipashwa na joto la tanuri moja. Jehan Lhermite, muungwana wa Flanders aliyeishi kwenye kasri la Felipe II, aliuchora.

Kwa nini kioo? Vyombo vya zamani vilikuwa na kofia za risasi. Mvuke wa mmea una asidi kidogo, asidi inakula risasi, na maji yanatoka na utamu wa ajabu ulimini. Utamu ule ni chumvi ya risasi, sumu yenyewe. Shaba isiyopakwa bati nayo huacha ukijani na ladha ya sarafu. Kioo hakitoi kitu, ila kinapasuka moto ukipanda ghafla. Ndiyo maana waliweka vyombo juu ya maji moto, au mvuke, au mchanga, na si juu ya makaa.

Makosa ya kawaida ni matatu. Kujaza chombo kupita theluthi mbili: majani yanapanda na povu na kuchafua yaliyokwisha kutona. Kukeneka mpaka chombo kikauke: petali zinaungua chini na maji yote yananuka moshi, na harufu hiyo haitoki tena. La tatu ni kuchuma mawaridi saa za jua kali, wakati mafuta ya harufu yamekwisha kuruka. Yachumwe alfajiri, umande ukikaribia kukauka.

BintiZafarani

Uzi mzuri sana huu. Kabla hujaenda kwenye mkwinini, naomba tukae kwenye majuni. Nimesoma kwamba dawa kuu ya Ulaya nzima kwa zaidi ya miaka 1,500 ilikuwa na nyama ya nyoka. Je, na Madrid waliitengeneza? Na ilikuwa inafanya kazi kweli?

MzaniWaShaba

BintiZafarani, nijibu mimi hapo. Hispania waliiita triaca magna. Waarabu walisema tiryaq, ndiyo tiriaki, na asili ya yote ni Kigiriki. Umbo lake ni majuni hasa, neno tunalolijua: unga wa dawa uliokandwa kwa asali. Kanuni yake inahusishwa na Andromachus, tabibu wa Nero, Kaisari wa Rumi, na ina viungo zaidi ya 60. Farmakopea (kitabu rasmi cha mapishi ya dawa) ya Madrid ya 1739 ilikuwa bado nayo.

Uzito uko kwa madaraja. Juu kabisa, drakma 48 (kipimo kidogo cha uzito wa dawa) za vidonge vya kitunguu-pori cha pwani ya Mediterania. Kisha drakma 24 kila kimoja: vidonge vya nyoka, darifilfili, afyuni, na vidonge vya manukato. Daraja la drakma 12 lina petali za waridi jekundu, mzizi wa airisi, mdalasini na wenzao. La drakma 6 lina manemane, ubani, zafarani, tangawizi, pilipili manga. Yanafuata madaraja ya 4 na 2. Asali huwa mara tatu ya uzito wa vyote vikavu.

Tazama manemane na ubani hapo. Vilitoka Pembe ya Afrika na kusini mwa Arabuni, na mdalasini ukapita Bahari ya Hindi. Biashara ile ile ya majahazi iliyopita kwenye mwambao wetu ndiyo iliyoishia kwenye vinu vya Madrid.

Nyoka walikuwa wa jamii ya vipera, ndugu wa kifutu ila wembamba zaidi. Walikamatwa majira ya kuchipua, baada ya kutoka mashimoni na kula kidogo. Wakitoka tu wamekonda, kiangazi nyama inasemekana kuwa kali. Jike mwenye mimba alikataliwa. Hukatwa kichwa na mkia, huchunwa, hutolewa matumbo, huoshwa, huchemshwa kwa chumvi na bizari majani mpaka nyama iachane na mifupa. Nyama huchambuliwa mwiba mmoja mmoja, hupondwa na mkate mkavu uliosagwa, hutengenezwa vidonge bapa, hukaushwa kivulini. Jua huleta ukoko nje na unyevu unabaki ndani, kidonge kinaoza kimyakimya.

Kuchanganya kuna mpangilio. Afyuni na gundi zilainishwe kwa mvinyo. Utomvu uyeyushwe kwenye asali vuguvugu iliyochemshwa na kuenguliwa povu. Ndipo unga uliochekechwa unyunyizwe kidogo kidogo huku mtu anakoroga kwa mchi wa mti. Halafu mtungi usijazwe, kwa sababu majuni inachacha na kuumuka kwa wiki kadhaa. Kisha hukorogwa kila baada ya muda na kuachwa ikomae miezi, hata miaka.

Inaharibikia wapi? Asali yenye maji mengi inageuka siki. Asali ya moto sana inafukuza harufu ya mdalasini. Unga mkubwa unazama. Baya kuliko yote ni afyuni kubaki na madonge: mgonjwa mmoja anapata hewa, mwingine anapata dozi tatu kwa kijiko kimoja.

Kuhusu kufanya kazi: ukijumlisha madaraja, afyuni ni takribani sehemu 1 kwa 73 za majuni yote. Kwa hiyo iliondoa maumivu, ilizuia kikohozi, ilifunga tumbo na kuleta usingizi. Dhidi ya sumu ya nyoka haikufanya kitu. Galen, tabibu maarufu wa Rumi ya kale, aliandika namna ya kuijaribu: mpe mtu dawa ya kuharisha, kisha tiriaki, kuhara kukikoma, tiriaki ni halisi. Jaribio lile lilikuwa zuri, ila lilipima afyuni tu. Nyama ya nyoka haikupimwa nalo.

BintiZafarani

Nimekuelewa vizuri. Na weusi wake unatoka wapi? Michoro yote inaonyesha majuni nyeusi tititi, wakati asali na mdalasini ni kahawia.

MzaniWaShaba

Swali zuri. Mojawapo ya viungo ni madini ya chuma yaliyochomwa. Chuma kikikutana na tanini (kitu kinacholeta ukakasi) ya waridi na magome, unapata kitu kile kile kinachotengeneza wino mweusi. Weusi ule wateja waliuona kama alama ya ukomavu, na ni kweli kwa kiasi fulani, maana unakolea kadiri siku zinavyokwenda. Lakini mtu angeweza kuongeza madini hayo na kuuza majuni ya wiki moja kama ya miaka sita. Ndiyo sababu miji mingi ya Ulaya, Venezia ikiwa mfano mkubwa, iliitengeneza hadharani, viungo vikiwa vimepangwa mezani watu wavione kabla ya kupondwa.

MchiNaKinu

Asante MzaniWaShaba, umeimaliza. Sasa MKWININI, na hapa ndipo Real Botica ilipokuwa na uzito wa kidunia.

Ganda la mkwinini lilifika Ulaya karne ya 17 kutoka milima ya Andes. Lililosifiwa zaidi lilitoka Loja, leo kusini mwa Ekuado. Katika karne ya 18 taji la Hispania lilitenga misitu ya Loja ili ganda bora kabisa lije Real Botica. Lililobaki baada ya mahitaji ya kasri lilitolewa zawadi kwa watawala wengine na kwa mashirika ya dini. Fikirieni: homa ya vipindi, yaani malaria, ilikuwa Roma, ilikuwa kwenye vinamasi vya Ulaya nzima, na mtu mmoja mjini Madrid anashika ufunguo wa stoo yenye dawa pekee inayoizuia. Hiyo ni diplomasia ya sanduku la magome.

Safari ilikuwa ndefu: mlimani kwa nyumbu, pwani ya Pasifiki, meli, Panama, meli tena, Cádiz, kisha barabara mpaka Madrid. Kosa lilianzia kwenye kukausha. Ganda likibanduliwa lina maji. Lisipokaushwa haraka na kwa kugeuzwa, linavunda ndani ya mzigo na kufika na ukungu. Vipande vyembamba vya matawi hujikunja vyenyewe kama bomba la mdalasini, na wafamasia walivipenda kuliko magome mapana ya shina.

Wakaguzi walitazama rangi ya nje na ndani, namna ganda linavyokatika, harufu, halafu wakatafuna. Uchungu wa mkwinini hauji kwa pupa. Unaanza pole, unakua, na unaambatana na ukakasi unaokaza ulimi. Kulikuwa na udanganyifu wa kuloweka ganda la mcheri kwenye maji ya shubiri. Ganda hilo linachoma kwa uchungu papo hapo, kisha uchungu unaisha na chini yake ni mti mtupu, kwa sababu shubiri imekaa juu tu.

NjiaYaLoja

Mkuu, usimsahau binti mfalme. Mke wa gavana wa Peru, Countess wa Chinchón, alipona kwa ganda hili na akalileta Hispania, ndiyo likaitwa Cinchona.

MchiNaKinu

NjiaYaLoja, jina ni kweli, kisa si kweli. Na hakuwa binti mfalme, alikuwa mke wa makamu wa mfalme. Kisa kilichapishwa na tabibu Sebastiano Bado mwaka 1663. Kumbukumbu za mumewe hazionyeshi ugonjwa huo wala tiba hiyo, na bibi mwenyewe alifariki Cartagena, Amerika Kusini, mwaka 1641 akiwa njiani kurudi. Hakulileta ganda lolote Madrid. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliamini kisa akaupa mti jina la Cinchona mwaka 1742, tena akaangusha herufi h ya kwanza. Kosa la tahajia limebaki kwenye sayansi mpaka leo.

DawaKwaDozi

Naomba hesabu. Ganda lilikuwa linatosha kweli kuponya malaria? Nimepiga hivi: wakia moja ina drakma 8, drakma ni gramu 3.9, kwa hiyo wakia ni gramu 31. Kwinini tuseme asilimia 1, ni miligramu 310 kwa wakia. Dozi ya mtu mzima ya kwinini ni miligramu 600 mara tatu kwa siku kwa siku 7. Ina maana angemeza karibu wakia 6 za unga wa mti kila siku. Haiwezekani.

MzaniWaShaba

Ndugu, umetumia drakma ya Kiingereza. Hili ni kosa linalowakumba wengi wanaosoma mapishi ya Kihispania. Vipimo vya dawa vya Castilla ni hivi: chembe 24 ni skrupuli moja, skrupuli 3 ni drakma moja, drakma 8 ni wakia moja, wakia 12 ni ratili ya dawa. Drakma ya Kiingereza ina chembe 60 na uzito wa gramu 3.89. Ya Castilla ina chembe 72, lakini chembe yake ni nyepesi, karibu miligramu 50, hivyo drakma ni gramu 3.59. Wakia ni gramu 28.75 na ratili ya dawa gramu 345. Na usichanganye na ratili ya soko yenye wakia 16, gramu 460. Ukisoma daftari la ununuzi tumia ya soko. Ukisoma kichocheo tumia ya dawa. Ukikosea hapo, stoo nzima haitalingana.

Kwa hiyo wakia yako ina miligramu 287, si 310. Ila hoja yako inasimama, na inataka nyongeza mbili. Ganda halina kwinini peke yake; kuna kinidini, sinkonini na sinkonidini, na zote zinapambana na vimelea. Pili, wagonjwa wengi waliishi kwenye homa hiyo tangu utotoni, na dozi ndogo ilitosha kuvunja vipindi bila kuua vimelea vyote. Homa ikakata, ikarudi baada ya wiki kadhaa. Madaktari wa wakati huo walilalamikia kurudi huko, wengi wakilaumu ganda, lakini lawama iliweza pia kuwa ya dozi.

DawaKwaDozi

Nimepokea masahihisho, asante. Na kwa nini walilitia kwenye mvinyo badala ya kuchemsha kama tunavyochemsha mwarobaini?

MchiNaKinu

Njia zote mbili zilitumika, ila mvinyo ulishinda. Alkaloidi zake (kemikali chungu zenye nguvu ya dawa, kwinini ikiwemo) haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Zinataka asidi au pombe, na mvinyo una vyote viwili. Ukichemsha ganda kwa maji, linatoka jekundu na safi likiwa moto. Likipoa linageuka tope, kwa sababu tanini inashikana na alkaloidi na kuzama. Mfamasia asiyejua anachuja likiwa baridi ili lipendeze machoni, na anaitupa dawa pamoja na tope. Kanuni ni kuchuja likiwa moto na kulitikisa kabla ya kila kijiko. Au kutoa unga wenyewe, uliosagwa laini kabisa, mgonjwa aumeze na mvinyo katikati ya kipindi na kipindi, homa ikiwa imeshuka.

Kusaga nako ni kazi. Ganda ni gumu, vumbi lake linaruka, na kinachobaki mwisho kinuni ni nyuzi ngumu. Anayezitupa anabadilisha nguvu ya dawa bila kujua. Zirudishwe kinuni mpaka zipite chekecheke.

UpepoWaKivu

Nchi mojawapo inayoendelea kulima mti huu ni Kongo, milima ya Kivu, watu wanaozungumza Kiswahili. Aina inayolimwa siku hizi imechaguliwa kwa kwinini nyingi, mara kadhaa kuliko ganda la Loja. Na Tanganyika, Wajerumani waliupanda Amani, Usambara, kwenye kituo chao cha utafiti kilichoanzishwa 1902. Swali langu: mtu akiwa na kipande cha ganda, kuna kipimo chepesi cha kujua ni lenyewe?

MzaniWaShaba

Kipo, tangu karne ya 19, kiitwacho cha Grahe. Tia unga mkavu kidogo kwenye bomba la kioo la maabara, ulilaze ubavu, upashe moto taratibu. Mkwinini unatoa mvuke mwekundu wa zambarau unaoganda kama matone ya lami nyekundu kwenye sehemu ya baridi ya kioo. Magome mengine yanatoa lami ya kahawia tu. Kipimo hiki kinasema alkaloidi zipo, hakisemi ni kiasi gani.

Kingine: loweka unga kwenye maji yenye asidi ya salfuriki kidogo, chuja, tazama chini ya taa ya urujuanimno. Kwinini inang'aa buluu. Ila sinkonini haing'ai, kwa hiyo ganda duni linaweza kukupotosha.

Na yeyote asije akajitibu kwa ganda. Nguvu ya kipande kimoja si ya kingine, na dalili ya kuzidisha ni masikio kuvuma, kisha macho na moyo. Malaria ina vipimo na dawa mseto hospitalini.

BintiZafarani

La mwisho kutoka kwangu: ile mitungi ya kauri yenye kiuno, ilikuwa urembo tu?

MchiNaKinu

Hapana, kiuno kina kazi. Mitungi inapangwa rafuni imegusana, na kiuno kinaacha nafasi ya vidole kuuchomoa mmoja bila kuangusha jirani yake. Mdomo una ukingo wa kufungia kamba juu ya ngozi au karatasi. Ile ya kauri, kama ya Talavera, mji wa wafinyanzi Hispania, ilifaa majuni, malhamu na mizizi mikavu. Sharubati chachu hazikutakiwa kukaa humo muda mrefu, kwa sababu rangi ya kung'aa ya kauri ina risasi, na tumeshaona juu asidi inafanya nini na risasi. Hizo ziliwekwa kwenye kioo, na kasri lilikuwa na kiwanda chake cha kioo La Granja, karibu na Segovia.

Kwenye lebo utaona Kilatini kilichofupishwa: AQ. ni maji, SYR. sharubati, UNG. malhamu, RAD. mzizi, CORT. ganda. Ukikuta CORT. na neno la pili limefutika, usikimbilie kusema ni mkwinini. Mdalasini nao ni ganda. Tazama ukubwa wa chombo na mdomo wake kwanza.

Mitungi na vifaa vya Real Botica vinahifadhiwa kwenye Ikulu ya Kifalme ya Madrid. Mwenye picha za lebo aziweke hapa tuzisome pamoja.